Mkanda wa injini unapolia alfajiri: Sikiliza kwanza, nunua baadaye

UKILALA Ggaba huhitaji saa ya kukuamsha. Kabla ya jua kuchomoza ziwani, magari ya samaki na ya abiria huanza kuwashwa karibu na mwalo, na katikati ya ngurumo za dizeli husikika mlio mmoja mwembamba na mkali, unaokera masikio kwa sekunde kadhaa kisha ukatoweka. Huo ni mkanda wa injini. Wapo wenye magari waliokwisha kuuzoea hata hawausikii tena. Wapo wengine ambao hukimbilia Kisekka siku hiyo hiyo kununua mkanda mpya, na baada ya wiki mbili mlio umerudi pale pale.

Kwa mtu anayeendesha gari kutoka Ggaba hadi Kabalagala na kurudi, hayo ni hasara ya shilingi tu. Lakini kwa mfanyabiashara anayekwenda Busia, Malaba, Mutukula au Katuna, na kwa ndugu aliyerejea nchini juzi na kununua gari lake la kwanza, jambo hili ni zito zaidi. Mkanda ule ukikatika katikati ya msitu wa Mabira, betri haichajiwi tena, maji ya injini hayazunguki, na katika magari mengi ya dizeli breki nazo huwa ngumu chini ya mguu.

Makala haya yana jambo moja la kusema: mlio wa alfajiri ni swali, bado si jibu. Unaweza kuwa mkanda umechakaa. Lakini pia inawezekana mkanda ni mzima kabisa, na tatizo liko kwenye betri, kwenye beringi, kwenye puli iliyokaa upande, au kwenye tone la maji linalovuja mahali usipopaona. Anayejua kusikiliza na kupima kidogo kabla ya kufungua pochi ataokoa fedha, na huenda akaokoa safari nzima.

Kwa nini alfajiri, kwa nini ziwani

Baridi ya Kampala si ile ya Ulaya. Alfajiri hapa nyuzi joto huwa takriban 17, na mpira wa mkanda haugandi kwa baridi ya namna hiyo. Kwa nini basi gari linyamaze mchana kutwa, lakini lilie saa kumi na moja alfajiri?

Sababu ya kwanza ni umande. Ggaba imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, zaidi ya meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na usiku hewa yake hujaa unyevu. Gari lililolala nje huamka limelowa, kuanzia kioo cha mbele hadi chini ya boneti. Utando mwembamba wa maji unapokaa kati ya mkanda na puli, mkanda huteleza kidogo, na kuteleza huko ndiko kunakotoa mlio. Baada ya mizunguko mingi joto la msuguano hukausha utando huo, na mlio hukoma.

Sababu ya pili ni mzigo. Stata inapozungusha injini baridi, huchota umeme mwingi sana kutoka kwenye betri kwa muda mfupi. Katika injini za dizeli, hita plagi nazo zimekwisha kuchota sehemu yao kabla hata stata haijagusa kitu. Mara injini inapowaka, altaneta hupewa kazi ya kurudisha umeme wote huo kwa haraka. Altaneta yenye kazi nyingi huwa nzito kuzungusha. Na kwa bahati mbaya, puli yake ndiyo ndogo kuliko nyingi, hivyo sehemu ya mkanda inayoikumbatia ni fupi. Hapo ndipo mkanda huteleza kwanza.

Kwa wanaosafiri kwenda nyanda za juu, baridi yenyewe huongeza tatizo. Kabale, mji ulio karibu na mpaka wa Katuna, uko takriban meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Timboroa, kwenye barabara ya kutoka Malaba kwenda Nairobi, iko karibu meta 2,700. Aliyelaza gari huko atakuta mpira umekakamaa, oili imekuwa nzito, betri imelegea, na mlio uliokuwa wa sekunde tatu Ggaba unakuwa wa nusu dakika. Gari ni lile lile, ila udhaifu wake umejitokeza wazi zaidi.

Mkanda unavyoshika

Ili kuelewa mlio, ni vizuri kujua mkanda unashikaje. Katika magari yetu kuna aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni mkanda wenye umbo la herufi V. Huu ndio ulio katika dizeli za zamani, kama vile Toyota Hiace zenye injini za 2L, 3L na 5L, na katika malori mengi madogo. Mkanda huu haushiki kwa tumbo lake. Hushika kwa ubavu, ukijibana katika kuta mbili za puli kama kabari. Ukichakaa ubavuni, huzama chini hadi tumbo lake likagusa sakafu ya puli. Kuanzia hapo kabari haipo tena, na hata ukaze namna gani utateleza. Alama yake ni rahisi kuiona: sakafu ya puli inang'aa kama kijiko kilichosuguliwa. Puli nzima hung'aa kuta zake tu.

Aina ya pili ni mkanda mpana na mwembamba wenye mifereji midogo inayokwenda kwa urefu. Huu ndio ulio katika magari mengi ya petroli yanayoingia kutoka Japani. Mkanda mmoja wa aina hii unaweza kuzungusha altaneta, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi kwa pamoja. Baadhi ya injini hukaza mkanda huo kwa boliti, na nyingine zina kikazaji cha springi kinachojirekebisha chenyewe.

Kuna badiliko moja ambalo wengi hawalijui. Mikanda ya zamani ilipozeeka ilipasuka nyufa, na mtu aliweza kuhesabu nyufa hizo kwa macho. Mikanda mingi ya siku hizi hutengenezwa kwa mpira unaoitwa EPDM, ambao haupasuki upesi. Wenyewe huisha kama tairi: mifereji inazidi kuwa mipana na mirefu kwenda chini, huku uso wake ukionekana bado mzuri. Kwa hiyo maneno ya "hauna nyufa, bado mzima" hayatoshi tena.

Maswali manne kabla ya spana

Fundi mzuri hufanya kama daktari mzuri. Haanzi na sindano, huanza na maswali. Mwenye gari naye anapaswa kwenda gereji akiwa na majibu ya maswali haya manne.

La kwanza: unalia lini? Kama unalia mara tu injini inapowaka kisha ukanyamaza, fikiria umande, mkanda uliolegea, au betri dhaifu. Kama unalia unapokata usukani hadi mwisho, mtazame pampu ya usukani na mkanda wake. Kama unalia unapowasha kiyoyozi, mtuhumiwa ni kompresa. Kama unalia unapokanyaga mafuta kwa ghafla, mkanda umelegea au umeisha.

La pili: unalia kwa muda gani? Sekunde mbili au tatu asubuhi ya umande, kwa mkanda ambao umekaguliwa na kukazwa vizuri, si jambo la kukunyima usingizi. Mlio wa nusu dakika, au unaorefuka wiki hadi wiki, ni dalili ya ugonjwa. Dalili ya mvua ni mawingu.

La tatu: ni mlio wa namna gani? Mlio mrefu usiokatika, kama wa kengele ya breki za baiskeli mbovu, kwa kawaida ni wa mkanda unaoteleza. Mlio wa kukatika-katika, mfano wa kifaranga, ambao kasi yake hufuata kasi ya injini, mara nyingi huonyesha kwamba puli moja haikukaa kwenye mstari mmoja na wenzake. Mlio wa kusaga au kunguruma, ambao hauishi injini ikipata moto, kwa kawaida hautoki kwenye mkanda. Hiyo ni beringi.

La nne: ni kitu gani kilibadilishwa karibuni? Katika gereji zetu ni jambo la kawaida kufunga altaneta iliyotoka kwenye injini nyingine na kuongeza washa ili ikae. Washa moja ikizidi, puli inasogea upande, na kuanzia siku hiyo mkanda unalia. Ukibadilisha mkanda hapo, unamwadhibu asiyekuwa na kosa.

Mkanda wa tatu kwa mwezi

Jirani yangu mmoja hapa Ggaba hupeleka mukene, wale dagaa wa ziwani, hadi Busia kwa Hiace ya dizeli. Gari lake lilikuwa likilia kila alfajiri. Akabadilishiwa mkanda. Kimya kwa siku nne, kisha mlio. Akabadilishiwa tena, safari hii ukakazwa kweli kweli. Kimya kwa wiki moja, kisha mlio ukarudi, ukiwa na mwenzake wa kunguruma.

Fundi wa tatu hakugusa mkanda. Aliuliza gari linapakiwa wapi na saa ngapi. Jibu likawa: usiku, injini imezimwa, taa za ndani zinawaka kwa saa tatu ili wapakiaji waone, na simu mbili tatu zinachajiwa humo humo. Akapima betri kabla ya kuwasha gari, akakuta haifiki volti 12. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6, na ikishuka hadi 12.2 imebaki na nusu tu ya chaji yake.

Mambo yakawa wazi. Kila alfajiri altaneta ilikuwa ikiamshwa kubeba mzigo wa betri iliyokauka, hita plagi na taa kubwa kwa wakati mmoja. Mkanda wowote ungelia. Ule ukazaji wa nguvu wa mara ya pili ulinyamazisha mlio kwa muda, lakini ulikuwa ukiivuta altaneta upande na kuua beringi yake, ndiyo maana kukaongezeka kunguruma. Dawa ikawa betri mpya, beringi za altaneta, na taa ndogo ya kuchajiwa kwa ajili ya wapakiaji. Mkanda alibaki na ule ule.

Vipimo vya mwenye gari

Vipimo vifuatavyo havihitaji mashine. Ila kuna sharti moja: kipimo chochote kinachohitaji mkono kugusa hufanywa injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa. Inapokuwa inawaka, funga mikono ya kanzu, vua tai, kunja mtandio, na mwenye gomesi akae mbali na ule mshipi wake. Puli haina huruma. Feni ya umeme nayo inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata injini imezimwa.

Anza na macho. Tumia tochi. Tazama kama mkanda una nyufa, nyuzi zilizochomoza, kipande kilichobanduka, au ubavu unaong'aa kama umepakwa vanishi. Tazama pia kama umelowa oili au maji ya rejeta. Oili ikidondoka kutoka kwenye kifuniko cha tapeti, au maji yakivuja kutoka kwenye kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji, mkanda mpya utaharibika kama wa zamani. Ziba uvujaji kwanza.

Fuata kidole gumba. Bonyeza mkanda katikati ya sehemu iliyo ndefu kati ya puli mbili, kwa nguvu kama ya kilo 10. Kwa mikanda mingi inayokazwa kwa boliti, unapaswa kuingia kama milimeta 10, yaani upana wa kidole kidogo. Kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari. Ukiingia sana, umelegea. Usipoingia kabisa, umekazwa mno, na beringi za altaneta na za pampu ya maji ndizo zitakazolipa deni hilo.

Kisha kipimo cha maji. Gari likiwa linalia na injini iko sailensa, nyunyiza maji kidogo safi kwa chupa kwenye upande wa mkanda unaogusa puli, ukisimama mbali na feni. Mlio ukizidi, mkanda unateleza: umelegea, umechakaa, au kikazaji kimechoka. Mlio ukinyamaza kwa muda mfupi kisha ukarudi, kuna puli iliyokaa upande. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka kwenye nyuso za puli, injini imezimwa, na utaona ni ipi iliyotoka kwenye mstari. Mlio usipobadilika hata kidogo, geukia beringi.

Kwa beringi, mafundi hutumia bisibisi ndefu. Ncha yake huwekwa kwenye mwili wa altaneta au wa pampu, mbali na vinavyozunguka, na mpini huwekwa karibu na sikio. Beringi iliyokufa husikika kama mchanga kwenye sufuria. Njia nyingine ni kuvua mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache tu, bila kufika dakika, maana pampu ya maji nayo huenda imesimama. Mlio ukitoweka, unatokana na mkanda au kitu unachokizungusha. Zima, kisha zungusha kila puli kwa mkono. Nzima huzunguka kimya bila kuyumba.

Mwisho, pima umeme. Mita ya bei ndogo inatosha. Kabla ya kuwasha, betri isome karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya volti 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu wakati injini inawaka, altaneta haichaji, ama kwa ubovu wake, ama kwa sababu mkanda unateleza.

Dawa za mtaani

Kuna dawa nyingi zinazopita kwenye stendi zetu. Wapo wanaopaka sabuni ya mche, wapo wanaopaka nta, na wapo wanaopuliza dawa ya mkebe inayouzwa kwa jina la kunyamazisha mikanda. Zote hunyamazisha mlio bila kugusa sababu. Tena dawa ya kunata hukusanya vumbi, na vumbi la barabara zetu ni msasa. Oili na dizeli ni mbaya zaidi, kwani hulainisha mpira na kuufanya uteleze moja kwa moja.

Kukaza bila kupima ni dawa nyingine ya mtaani, na tumekwisha kuona ilivyomfikisha yule jirani wa mukene.

Ukienda kununua

Ikithibitika kwamba mkanda umeisha, nunua kwa namba, usinunue kwa kukadiria. Ule wa mifereji huandikwa mgongoni, kwa mfano 4PK au 6PK na tarakimu mbele yake. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya mifereji, na ile ya mwisho ni urefu kwa milimeta. Mkanda wa 6PK1200 una mifereji sita na urefu wa milimeta 1,200. Andika namba hiyo kwenye simu yako. Namba hiyo inaeleweka Kisekka hapa Kampala, Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi ambako wengi bado huita Grogan, na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Gari lenye mikanda miwili ya V inayokwenda sambamba, badilisha yote miwili kwa pamoja. Ukiweka mmoja mpya na mmoja wa zamani, ule mpya ndio utakaobeba mzigo wote. Kisha usisahau kukaza tena. Vitabu vya Toyota huhesabu mkanda kuwa mpya kwa dakika 5 tu za injini kuwaka. Baada ya hapo umekwisha kunyooka na kukaa kwenye puli, na una kipimo chake kingine cha ukazaji. Fundi anayefunga boneti mara tu baada ya kufunga mkanda hajamaliza kazi.

Ndugu waliorejea na kununua gari kwa mara ya kwanza wakumbuke pia umri. Uganda ilizuia kwa sheria ya mwaka 2018 kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, wakati Kenya kikomo chake ni miaka 8. Maana yake ni kwamba gari "jipya" la Kampala linaweza kuwa na mpira wa miaka kumi na zaidi chini ya boneti, hata kama kipima kilometa kinapendeza. Mpira huzeeka hata gari likisimama. Badilisha mikanda kabla ya safari ndefu ya kwanza, na ile ya zamani ambayo haijakatika uiweke chini ya kiti. Siku moja itakufikisha nyumbani.

Ukikatika njiani

Dalili ya kwanza ni taa nyekundu ya betri kuwaka kwenye dashibodi. Wengi huiona na kusema, "Ni betri tu, nitafika." Hapo ndipo injini nyingi zilipofia. Kama mkanda huo ndio unaozungusha pampu ya maji, mshale wa joto utapanda ndani ya dakika chache, na ukiendelea utaunguza gasketi ya kichwa au kukipinda kichwa chenyewe. Bei ya mkanda na bei ya kufungua kichwa cha injini hazikai kwenye karatasi moja.

Kuna hatari nyingine ambayo wenye dizeli wanapaswa kuijua vizuri. Katika Toyota za 2L, 3L na 5L, pampu inayovuta hewa kusaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta. Mkanda ukikatika, pampu hiyo nayo inasimama. Breki bado zipo, na msaada uliobaki kwenye akiba utatosha kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo itabidi ukanyage kwa nguvu zako zote. Mwenye Hiace iliyojaa magunia hapaswi kugundua jambo hilo akiwa kwenye mteremko.

Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka na usukani au breki zikawa nzito, punguza mwendo kwa gia, toka barabarani, zima injini, weka pembetatu. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Subiri.

Hapa nitoe tahadhari moja. Mkanda tunaouzungumzia ni ule wa nje, unaoonekana. Kuna mkanda mwingine wa ndani, wa taimingi, unaofichwa na kifuniko. Huo kwa kawaida haulii, hukatika bila kuaga. Injini za 2L, 3L na 5L zinao, na hubadilishwa kwa kufuata kilometa zilizoandikwa kitabuni. Injini kama 1NZ ya petroli hutumia mnyororo badala yake. Usidanganyike kwamba gari lisilolia halina mkanda wa kubadilisha.

Jina la kifaa na maelezo ya mlio

Mimi ni mwalimu. Wazazi wangu waliondoka Uganda mwaka 1981 nikiwa mtoto mgongoni, nikasomea Tanzania, na nikarejea nikiwa mtu mzima. Sisi tuliosoma uhamishoni tulirudi na maneno ya kule. Niliyemzoea kule ni fundi wa "mkanda wa feni." Fundi wa Ggaba huchanganya Luganda na Kiingereza, ndugu aliyekulia Nairobi ana maneno yake, na aliyetoka Kongo hukitaja kifaa hicho hicho kwa Kifaransa. Wengi wetu, kwa kuona haya ya kutojua jina, hufika gereji na kusema neno moja tu: "Badilisha." Na fundi hubadilisha.

Ukweli ni kwamba jina la kifaa hubadilika kila unapovuka mpaka, lakini maelezo ya mlio hayabadiliki. "Unalia sekunde kumi nikiwasha alfajiri, ukipata moto unanyamaza, nikikata usukani unarudi, betri ina miaka mitatu." Sentensi hiyo, kwa lugha yoyote, imekwisha kumpa fundi nusu ya jibu. Tena inamwonyesha kwamba mwenye gari anasikiliza, na fundi akijua anasikilizwa hufanya kazi kwa uangalifu zaidi.

Kesho alfajiri, kabla hujawasha gari, zima redio na fungua dirisha. Washa, kisha hesabu sekunde hadi mlio unyamaze. Andika idadi hiyo. Fanya hivyo kwa siku tano, ukiandika pia kama usiku ulikuwa na mvua au ukavu. Karatasi hiyo ndiyo ya kumpelekea fundi, kabla ya safari ya Busia wala Mutukula.